Taa kijani, mtandao hamna: ruta huchaguaje njia ya kutokea?

Simu iliingia saa nne asubuhi nikiwa juu ya paa la mtu huko Kisauni, waya mkononi, jua limeshaanza kuuma. Aliyepiga ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ambaye mwaka wa tatu sasa yuko Oltepesi, Kajiado. Ana kibanda cha kompyuta na uchapishaji kando ya barabara ya Magadi.

"Shikamoo mjomba. Mtandao hamna."

"Marahaba. Taa za ruta zasemaje?"

"Zote kijani. Dishi kijani, modemu ya laini nayo kijani."

"Bando ya laini imeisha?"

"Haijaguswa mjomba, iko vilevile. Na nina watoto wanne hapa waliomaliza kidato cha nne, leo ndiyo siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo. Mmoja katoka Olorgesailie kwa bodaboda."

Nikamjibu lile jawabu ambalo sisi mafundi huwa tumeliweka mfukoni: zima, hesabu mpaka thelathini, washa. Akazima akawasha. Mara tatu. Taa zikarudi kijani, mtandao ukabaki hamna. Fundi aliyemfungia mitambo simu yake ilikuwa imezimwa, na mimi nilikuwa na kazi ya watu. Mwishowe akawapa wale watoto nauli kutoka mfukoni mwake, wakapanda matatu hadi Kiserian. Wawili walifaulu kutuma. Wawili walikuta foleni ndefu, wakarudi bila kitu, ikawa ni kungoja dirisha lifunguliwe tena.

Usiku nimelala ndipo lile neno lake liliponirudia: bando haijaguswa. Kama dishi lilikuwa limekufa na laini iko hai, kwa nini ruta haikutumia laini? Na hapo nikajua kwamba ningemwambia tu achomoe waya wa dishi, kazi ingekwisha kwa dakika moja. Jawabu nilikuwa nalo, sikulifikiria. Nimeona niliandike hapa, kwani Oltepesi si peke yake. Kuna madrasa, zahanati na maduka mengi huku kwetu, kutoka Vanga hadi Lamu, yenye njia mbili za intaneti yanayolipia zote mbili na kutumia moja.

Tuanze na kazi ya ruta yenyewe. Watu hudhani ruta inaijua intaneti. Haijui. Mfano wake ni karani wa vifurushi kwenye ofisi ya mabasi pale Mwembe Tayari. Ana daftari lake: cha Mtwapa kipakiwe gari hili, cha Kilifi gari lile, cha Malindi lile jengine. Chini kabisa ana mstari mmoja: kwengineko kote, basi la Nairobi. Ukimletea kifurushi cha Oltepesi hatakuuliza Oltepesi iko wapi. Hajui, na wala hana haja ya kujua kwamba ukitoka Nairobi unapita Kiserian, ukifika Corner Baridi barabara inateremka kuingia Bonde la Ufa, Olepolos, Kisamis, ndipo Oltepesi, kabla ya Olorgesailie na ziwa la Magadi. Yeye atakitia kwenye basi la Nairobi. Huko kuna karani mwengine mwenye daftari lake.

Ule mstari wa chini ndio njia ya chaguo-msingi. Kwenye ruta huandikwa 0.0.0.0/0, na maana yake ni "chochote nisichokijua, mpe jirani huyu". Simu yako hapo mkononi inao mstari kama huo. Ilipewa na ruta ya nyumbani pale ilipoungana na Wi-Fi. Ruta ya nyumbani nayo inao, ulioelekea kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Hivyo pakiti ya data hutoka kwa asiyejua kwenda kwa anayejua zaidi kidogo, mpaka ifike kwa wale wakubwa ambao daftari zao zina karibu mistari milioni moja na hazina mstari wa kwengineko. Hao hawana wa kumsukumia. Lazima wajue.

Sasa, kifurushi kikilingana na mistari miwili, karani hufuata upi? Tuseme daftari lina mstari wa "Kaunti ya Kilifi" na mwengine wa "Takaungu". Takaungu iko ndani ya Kilifi, kwa hivyo kifurushi cha Takaungu kinalingana na yote miwili. Kanuni ya ruta ni moja, na haina hiari: mstari mwembamba zaidi hushinda. Anwani ya IP ya kawaida ina biti 32, na ile namba baada ya mkwaju husema ni biti ngapi lazima zilingane. Mstari wa /24 unataka biti 24, wa /16 unataka 16. Njia ya chaguo-msingi inataka sifuri. Kwa hivyo inalingana na kila anwani duniani, na inashindwa na kila mstari mwengine uliopo. Hutumika pale tu ambapo hakuna kingine.

Kanuni hii si mchezo. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom ilitaka kuwafungia wananchi wa Pakistan YouTube. YouTube ilikuwa imetangaza fungu la anwani 1,024. Wao wakatangaza kipande cha anwani 256 ndani ya fungu hilo, na kwa makosa tangazo likavuka mipaka. Ruta za dunia zikaona mstari mwembamba zaidi, zikaufuata. Kwa muda wa kama saa mbili watu wengi duniani waliokuwa wakiitafuta YouTube walikuwa wakipelekwa Pakistan. Hakuna ruta iliyoharibika siku ile. Zote zilifanya kama zilivyoagizwa.

Na kutoandika mistari myembamba nako kuna gharama, tena sisi Kenya tuliilipa kwa dola. Mpaka mwaka 2000 kampuni za intaneti za Nairobi hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Kila moja ilikuwa na mstari wake wa kwengineko ulioelekea ng'ambo kwa setilaiti, na kampuni ya jirani ilihesabiwa kuwa miongoni mwa "kwengineko". Barua pepe ya kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi nyengine mtaa uleule, kama wana kampuni tofauti, ilipanda angani, ikafika ng'ambo, ikarudi. Novemba 2000 kampuni hizo zikaanzisha kituo chao cha kubadilishana, KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wakati ule, ikalalamika kwa tume ya mawasiliano, na kituo kikafungwa baada ya kama wiki mbili. Kilifunguliwa tena kwa leseni Februari 2002. Miaka kumi baadaye ripoti ya Internet Society ilisema safari ya pakiti ya ndani ya nchi ilishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 ikawa 2 hadi 10. Mombasa nayo ina kituo cha namna hiyo leo. Faida yote hiyo ilitokana na kuongeza mistari kwenye daftari: kampuni fulani ni jirani, usimtafute ulaya.

Nirudi Oltepesi. Mpwa wangu alikuwa na mistari miwili ya kwengineko. Mmoja unatoka kwa dishi linalotazama mnara ulio juu kule mlimani, mwengine kwa modemu yenye laini ya simu. Yote ni 0.0.0.0/0, hakuna mwembamba kuliko mwenzake. Hapo ruta hutazama namba ya pili, ambayo kwenye ruta za biashara huitwa umbali, na kwenye kompyuta huitwa metriki. Yenye namba ndogo ndiyo inayotumika, nyengine inakaa benchi. Fundi wake aliandika 1 kwa dishi na 2 kwa laini. Mpaka hapo alifanya sawa, kwani dishi analipa kwa mwezi na laini analipa kwa gigi.

Usidanganyike na neno umbali, kwani hakuna kilomita hapo, na wala namba hiyo haipimi kasi. Ni upendeleo tu. Kwenye ruta za Cisco, njia iliyoandikwa kwa mkono hupewa 1, iliyofundishwa na OSPF hupewa 110, ya RIP 120, kwa sababu waliozitengeneza waliona mkono wa fundi ni wa kuaminika zaidi. (Sisi mafundi tunajuana.) Kompyuta nayo ina upendeleo wake: kwenye Linux ya kawaida, waya hupewa 100, Wi-Fi 600, laini ya simu 700. Ukiwahi kuchomeka waya usiofika popote kwenye laputopu halafu mtandao ukapotea ilhali Wi-Fi iko, sasa wajua ni nani aliyekupeleka huko. Na mtu akiandika namba sawasawa kwa njia zote mbili, akidhani atapata kasi mara mbili, ruta itagawanya kazi: ombi hili litoke huku, lile kule. Tovuti za benki na za serikali zikiona mtu mmoja anakuja kwa anwani mbili mara nyingi humtoa nje, aingie upya.

Je, ruta huacha lini kutumia njia ya kwanza? Hapa ndipo tulipoumia. Yenyewe huacha pale tu inapoona kiungo chake kimekatika: waya umechomolewa, dishi halina umeme. Siku ile dishi lilikuwa linaongea na mnara vizuri kabisa. Kilichokatika kilikuwa nyuma ya mnara, huko ng'ambo ya kilima, kati ya mnara na Nairobi. Ruta ikamuuliza jirani yake, upo? Jirani akasema nipo. Ruta ikampa vifurushi vyote, na jirani akavipokea akavimwaga. Taa ya kijani haikusema uongo. Ilikuwa inazungumzia mita chache za waya na kilomita kadhaa za hewa, basi. Kuzima na kuwasha kulikuwa ni kumwamsha karani na kumrudishia daftari lilelile.

Nilipofika huko wiki iliyofuata nilikuta hata ukaguzi ulikuwa umewekwa. Fundi aliiambia ruta ibishe hodi kwa jirani kila sekunde kumi, na asipojibu mara mbili mstari wake uondolewe. Ukaguzi mzuri, ila alikuwa akimkagua mlinzi wa mlangoni kujua kama barabara ya Magadi inapitika.

Wakubwa hawana shida hii, nako kuna jambo la kujifunza. Kampuni za intaneti huongea zenyewe kwa zenyewe kwa lugha iitwayo BGP: kila moja humwambia jirani ni anwani zipi inaweza kuzifikia, na ikikatikiwa huondoa kauli yake. Jumamosi ya tarehe 25 Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini kwetu iliteremsha nanga mahali pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS, ile kebo inayotoka Mombasa hadi Fujairah. Mwezi huohuo kebo nyengine zilikuwa zimekatika Bahari ya Shamu. Intaneti ilikwenda kwa kutambaa kuanzia hapa mpaka Rwanda na Burundi, lakini haikufa, kwa sababu ruta za wakubwa ziliarifiwa na zikapenyeza mzigo kwenye kebo iliyobaki hai. Tarehe 12 Mei 2024 yalitokea ya namna hiyo, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tuliteseka kwa wepesi mdogo wa mtandao, si kwa ukimya. Lakini mteja mdogo haambiwi chochote. Hupewa mlango mmoja na kuambiwa tokea hapa. Mlango ukiwa hauendi popote, lazima ajue mwenyewe.

Basi nilichofanya ni hiki. Nilichagua anwani moja ya mbali, iliyo huko duniani na inayojibu siku zote, nikaiandikia mstari mwembamba kuliko yote, wa /32, yaani anwani hiyo moja tu: ifikiwe kupitia dishi, si kwengine. Kisha nikaiambia ruta ibishe hodi huko mbali badala ya kubisha kwa mnara. Ikikosa jibu mara mbili mfululizo, mstari wa kwengineko wa dishi uwekwe kando, laini iinuke benchi. Ule mstari mwembamba ni muhimu, kwani bila yake dishi likifa hodi ingetoroka kupitia laini, ikarudi na habari kwamba barabara ya dishi ni nzima, na ruta ingekaa ikiyumba kama mtumbwi. Kwa kuwa mwembamba hushinda, hodi ya dishi haina pa kupita ila dishini. Na dishi likirudi kuwa zima, hodi inajibiwa, mambo yanarudi yalivyokuwa bila ya mtu kugusa.

Halafu nikaongeza anwani ya pili ya kukagua, ya watu tofauti. Ukitegemea moja, siku wenyewe wakiwa na matengenezo utatangaza barabara imefungwa na wewe ndiye uliyefunga macho.

Sikumficha mpwa wangu yaliyobaki. Njia ikibadilika, anwani anayoonekana nayo nje hubadilika pia, na mtu aliye katikati ya kujaza fomu huenda akatolewa aanze upya. Kwa hivyo wateja wahifadhi kazi kila ukurasa. Laini ikishika zamu, video za wateja na masasisho ya kompyuta yatakula bando kabla ya adhuhuri, basi tulizifunga zisipite kwenye laini. Na tuliulizia mnara wa laini unapata wapi mtandao wake, kwani milango miwili inayotokea kwenye waya mmoja uliofukiwa kando ya barabara ni mlango mmoja wenye bili mbili. Hapo hatukupata jibu la kueleweka. Yeye anafikiria dishi la setilaiti kama njia ya tatu. Bei ndiyo inayomkwamisha.

Ukiwa una njia mbili dukani kwako, mwulize fundi wako swali moja: mtandao ukikatika nyuma ya mnara, dishi likiwa bado lawaka, ruta itajua vipi? Akikujibu kwamba taa itageuka nyekundu, mpe chai, kisha mtafute mwengine. Na kama huna fundi na siku ni ya mwisho, chomoa waya wa njia unayoishuku, ungoje dakika moja.

Kabla sijaondoka mpwa wangu alikata plasta mbili nyeupe akazibandika kwenye waya, akaandika 1 na 2 kwa kalamu nzito, ili hata nisipopokea simu ajue wa kuchomoa. Nikapanda matatu ya Kiserian jioni ile.

Siku kama ishirini zikapita, nikapata ujumbe wake: "Mjomba, dishi limekufa tangu saa nane. Nimejua sasa hivi, nilipoona bando inapungua. Nina wateja sita na hakuna aliyeuliza."